Maigizo ya watoto huulizwa: mwongozo kamili kwa mzazi wa Dar es Salaam na majirani zake

Ukiandika "maigizo ya watoto Dar es Salaam" kwenye simu yako sasa hivi, utaletewa katuni, vipande vya vichekesho na nyimbo za kuhesabu. Mchezo wa jukwaani, wenye mtu halisi anayetoka jasho hatua tatu kutoka alipokaa mwanao, hutauona. Nami nilianzia hapo hapo. Nilihangaika na simu wiki mbili, nikajiaminisha kuwa Dar haina maigizo ya watoto, nikaacha.

Nilikosea. Yapo. Tatizo ni kwamba hayakai tunapoyatafuta. Vikundi vingi havina tovuti wala fedha za kubandika mabango barabarani. Tangazo lao ni statasi ya WhatsApp ya kiongozi wa kikundi: wanaiona wale tu waliohifadhiana naye namba, na baada ya saa 24 imefutika. Usipokuwa mmoja wao, mchezo unachezwa mtaa wa pili na wewe huna habari. Karibu kazi yote ninayoieleza hapa chini ni ya kuzipata namba hizo, na kujua la kufanya ukishazipata.

Nimeandika kwa jicho la mkazi wa Dar, kwa sababu ndiko ninakolea watoto wangu. Bagamoyo, Zanzibar, Mwanza na Kenya nimezigusa pia, na njia yenyewe inafanya kazi popote penye shule, chuo cha sanaa na watu wanaopiga ngoma.

Hatua ya kwanza: panua unachokitafuta

Tukisema maigizo, wengi tunawaza jumba lenye pazia na viti vya kukunja. Majumba ya namna hiyo huku ni ya kuhesabu kwa vidole. Ukiyangoja hayo tu, mtoto atafika sekondari hajaona kitu. Tafuta "sanaa za maonyesho", na ndani yake weka vyote hivi: michezo ya kuigiza, ngoma, masimulizi ya hadithi, sarakasi, mazingaombwe, vikaragosi vya kuchezeshwa kwa mkono, ngonjera, hata majigambo.

Kwa mtoto mdogo, hasa wa miaka 3 hadi 6, mimi huanza na msimulizi wa hadithi kabla ya kitu kingine chochote. Sababu ni hii: msimulizi mzuri hamwachi mtoto awe mtazamaji tu. Anasema "Hadithi, hadithi!", na watoto wanajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Asipojibiwa kwa nguvu, haanzi. Binti yangu mdogo alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya kanga ya bibi yake mbele ya mgeni yeyote. Siku ya kwanza nilipompeleka kumsikiliza msimulizi, alinyamaza mwanzo mpaka katikati. Yule mzee alipofika pahala ambapo sungura anamdanganya fisi, akasita, akashusha sauti, akauliza, "Sasa nimwambie fisi ukweli, au ninyamaze?" Mtoto akasimama na kupiga kelele: "Usimwambie!" Ukumbi mzima ulicheka, na yeye hakukaa tena mpaka hadithi ilipokwisha. Skrini haisiti kumngoja mtoto ajibu.

Sarakasi ni rahisi kuipata kuliko maigizo, maana vijana wake hufanya mazoezi mahali pa wazi, ufukweni au viwanjani jioni. Mazingaombwe nayo huzunguka shuleni. Vikaragosi ni adimu, ukisikia vipo popote, nenda.

Ngoma usiidharau kwa kuwa "tunaiona kila siku kwenye harusi". Ngoma ya jukwaani ina kisa. Mtoto akielezwa kwamba yule mchezaji wa Kisukuma anayezunguka na chatu shingoni anamshindania mpinzani wake watazamaji, na kwamba kwa jadi vikundi viwili, Bagika na Bagalu, hushindana nani atavuta watu wengi zaidi, hapo anaiangalia kama mchezo wenye pande mbili, anachagua wake na kumshangilia.

Hatua ya pili: tafuta watu kabla ya kutafuta ukumbi

Mtu wa kwanza ni afisa utamaduni wa halmashauri yako. Wazazi wengi hawajui hata kama yupo. Ofisi yake iko kwenye jengo la halmashauri, na kwa kawaida yeye ndiye anayevijua vikundi vya sanaa vya eneo lile, maana wakihitajika watu wa kutumbuiza kwenye sherehe ya serikali, yeye ndiye anayewaita. Usiende na swali la "kuna maigizo wapi?", utaambiwa hakuna ratiba. Nenda na hili: "Naomba namba za viongozi wa vikundi vinavyofanya kazi na watoto au shule." Mimi niliondoka na namba 4 zimeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha. Mbili hazikupatikana. Ya tatu ilipokelewa na mzee mmoja, na mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Nimepewa namba yako kwa afisa utamaduni. Nina watoto wawili, natafuta pa kuwapeleka waone maigizo."

"Marahaba mama. Watoto wana umri gani?"

"Mmoja miaka 5, mwingine 9."

"Basi Jumapili hii tuko shule ya msingi hapa kwetu, siku ya wazazi. Wewe njoo nao tu, nitamwambia mwalimu mkuu. Wakae mbele, ila yule mdogo asikae karibu na ngoma kubwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yetu ya kwanza. Ona kwamba mzee aliuliza umri kabla ya yote. Kiongozi wa kikundi anayeuliza umri wa mtoto anajua kazi yake. Namba ya namna hiyo usiipoteze.

Mtu wa pili ni mwalimu. Muulize kama shuleni kwao au shule ya jirani kuna klabu ya maigizo au klabu ya Tuseme. Tuseme ilianza 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa juhudi za Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, wote wawili walimu na waandishi wa tamthilia, ili wasichana wa sekondari watumie maigizo kuyasema yanayowakwamisha shuleni. Shule yenye klabu hai huonyesha kazi zake siku ya wazazi na kwenye mahafali. Yale ni maigizo ya wanafunzi, na kwa mtoto wa miaka 9 au 10 kumwona mwenzake mwenye umri wa dada yake akishika jukwaa kuna uzito wa peke yake.

Mtu wa tatu ni mwanafunzi wa sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani kinafundisha sanaa za maonyesho, na TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, vilevile. Mwanafunzi wa fani hii hawezi kumaliza bila kuonyesha kazi yake mbele ya watu, na watu ndio wanaokosekana. Ukimpata mmoja na kumwambia una watoto na majirani wa kukaa kwenye viti, atakushukuru. Maonyesho ya namna hii mara nyingi hayana kiingilio. Uzuri wake unapanda na kushuka: nimeona ya kuchosha, na nimeona onyesho moja lililonitoa machozi, lililotengenezwa kwa shuka mbili nyeupe na ndoo ya maji.

Usisahau nyumba za ibada. Kanisani, watoto wa Sunday School huigiza kuzaliwa kwa Yesu kwenye mkesha wa Krismasi, na mazoezi huanza wiki kadhaa kabla. Madrasa nazo zina Maulidi, kaswida na dufu, na watoto waliojipanga mistari na kanzu nyeupe wakienda kwa mapigo mamoja. Maulidi siyaiti maigizo, ni ibada na yaheshimiwe hivyo. Nayataja kwa sababu mtoto aliyekaa akatulia kwenye Maulidi kuanzia mwanzo hadi mwisho tayari anajua kuwa hadhira, na ukimpeleka ukumbini hutapata shida naye.

Hatua ya tatu: zijue sehemu zako na tabia zake

Kwa Dar, mimi naanzia Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Pale kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, na vikundi vya ngoma hutumbuiza, hasa alasiri za mwisho wa wiki. Kwa familia yenye watoto wa umri tofauti pananifaa kuliko popote: yule mdogo akichoka ngoma anaingia kwenye nyumba ya msonge, mkubwa anabaki. Piga simu kwanza kuuliza kama wachezaji wapo siku hiyo. Na kwa miaka mingi wamekuwa wakiandaa tamasha la utamaduni wa Mtanzania, ambapo jamii moja inapewa nafasi ya kuonyesha ngoma, vyakula na desturi zake.

Nafasi Art Space iko Mikocheni, katika eneo la viwanda vidogo, na imekuwapo tangu 2008. Ni mahali pa kazi pa wasanii: unakuta mtu anachora, mwingine anachomelea chuma kuwa sanamu, na siku za maonyesho kuna ngoma, muziki na maigizo. Huwa na shughuli za watoto pia. Fuata kurasa zao, na ukifika ongea na wasanii wenyewe, maana ndio wanaojua nani anafanya nini mjini.

Vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa, Goethe-Institut na Alliance Française, pamoja na kufundisha lugha, hupokea maonyesho ya jukwaani, mengi kwa bei nafuu au bure. Ni ya watu wazima kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usimchukue mtoto kabla ya kuuliza. Na katika jumba dogo la Little Theatre, Barabara ya Haile Selassie, wamekuwa wakicheza watu wa kujitolea, kwa Kiingereza zaidi.

Halafu Bagamoyo. Kama una nauli ya safari moja tu kwa mwaka, iweke huku. Ni kilomita kama 70 kutoka Dar, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, mwaka uliofuata kikaanza tamasha lake, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tamasha hilo la kila mwaka huangukia miezi ya mwisho ya mwaka, na tarehe zake husogea. Usipange likizo kwa kufuata tarehe za mwaka jana, piga simu chuoni. Wakati wa tamasha unapata kwa siku moja ngoma kutoka mikoa ya mbali, sarakasi, michezo ya kuigiza na vikundi vya nje ya nchi. Nenda mchana. Vipindi vya usiku vinachelewa, muziki unapanda, na mtoto anaishia kulala begani mwako. Mchana watoto wa Bagamoyo wenyewe wanajaa, wengine wakiwa na sare za shule, nao wanajua nyimbo zote. Mkalishe mwanao katikati yao. Na hata nje ya tamasha, ukipiga chuoni ukauliza lini wanafunzi wanaonyesha kazi zao, unaweza kuupata ukumbi ukiwa na nafasi tele.

Zanzibar, Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe ina uwanja wa maonyesho wa wazi ndani ya kuta za ngome. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika humo mwezi wa pili, na ni muziki zaidi kuliko maigizo. Kinachonivuta mimi na watoto ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, mwezi wa saba: wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba kumaliza magomvi ya mwaka, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Ni mila ya watu na haikuwekwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo vaa kwa heshima na simama unapoelekezwa. Mtoto mshike mkono wakati wa kibanda, maana watu hukimbia.

Walio Mwanza wana Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Tamasha la Bulabo hufanyika mwezi wa sita, likiambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na ndilo shindano la ngoma la kweli, la wale Bagika na Bagalu niliowataja.

Kwa ndugu zetu wa Kenya

Nyinyi mna kitu ambacho mimi nakionea wivu mzuri: tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza 1959. Linaanzia ngazi za chini, linapanda kaunti, kanda, kisha taifa, ambako fainali kwa kawaida huwa mwezi wa nne. Wazazi wengi hungoja fainali, ambazo huenda ziko mbali na kwao mwaka huo. Nenda ngazi ya kaunti. Mashindano yanafanyika kwenye ukumbi wa shule fulani, kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwa siku moja mtoto anaona mchezo, shairi la kuigiza, ngoma ya ubunifu na masimulizi, vyote vimechezwa na watoto wenzake, kuanzia chekechea. Muulize mwalimu wa drama wa shule yoyote ya karibu, maana ratiba iko kwenye simu yake tangu muhula wa kwanza. Beba maji na subira. Kati ya mchezo na mchezo wanahamisha maleba na mandhari, na hapo ndipo watoto wadogo huchoka.

Jijini Nairobi, Kenya National Theatre iko Barabara ya Harry Thuku, ng'ambo ya hoteli ya Norfolk. Ilifunguliwa 1952 na kufanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2015. Desemba huwa na baleti ya watoto wenyewe wakicheza, na inajaza ukumbi, kwa hiyo tiketi zitafute mapema. Alliance Française, katika makutano ya Loita na Monrovia, nayo ni mwenyeji wa vikundi vingi. Sarakasi Dome ya Ngara, iliyokuwa zamani jumba la sinema, ni makao ya Sarakasi Trust na wanasarakasi wake. Mombasa kuna Little Theatre Club.

Hatua ya nne: tengeneza kalenda yako ya mwaka

Hakuna atakayekutengenezea. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya benki au ya duka, uweke alama hizi.

Machi 20 ni siku ya dunia ya maigizo ya watoto na vijana, na Machi 27 ni siku ya maigizo duniani. Vyuo na vituo vya utamaduni huzikumbuka. Wiki moja kabla, piga simu mbili tatu.

Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, ndiyo siku yenye maigizo mengi ya watoto kuliko zote. Inawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa 1976, na kila wilaya hufanya maadhimisho yenye ngonjera, ngoma na michezo ya kuigiza ya shule. Ni bure, mchana, na mara nyingi uwanjani. Kasoro yake ni hotuba. Michezo hupangwa katikati ya hotuba, na mgeni rasmi akichelewa kila kitu kinachelewa. Uliza kwa mwalimu shule yake inapanda saa ngapi.

Juni na Julai kuna UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ambayo pamoja na mpira na riadha ina mashindano ya ngoma na kwaya. Julai pia kuna maonyesho ya biashara ya Sabasaba; watoto wanapenda, ila msongamano ni mkubwa, na mimi siwapeleki chini ya miaka 6.

Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Desemba ni mahafali. Utashangaa ni kazi kiasi gani huwekwa kwenye igizo la mahafali ya chekechea. Kama jirani yako ana mtoto anayehitimu, omba kualikwa na umpeleke wako anayeanza mwakani.

Hatua ya tano: uliza kabla ya kulipa

Hapa niliumia. Bango lilisema "burudani kwa familia nzima", nikalipia watu wanne. Mchezo uliotangazwa kuanza saa nane mchana ulianza saa kumi na robo, na mchekeshaji wa kwanza hakuchukua dakika tano kabla ya kuingia mambo ya chumbani. Mwanangu mkubwa aliniangalia kuona kama nitacheka. Tuliondoka. Mlangoni waliniambia hela hairudi.

Tangu siku ile situmi senti kabla ya kutuma ujumbe huu. Unakili ulivyo, badilisha majina tu:

"Habari za kazi. Mimi ni mzazi, niko Tabata. Nimeona tangazo la mchezo wenu wa Jumamosi, ningependa kuja na watoto wawili, miaka 5 na 9. Naomba kujua: mchezo unaanza saa ngapi hasa, na unachukua muda gani? Umetengenezwa kwa watoto, au ni wa wakubwa na watoto wanaruhusiwa? Kuna giza, moshi, mlio wa ghafla au vinyago vya kutisha? Watoto wanakaa chini au kwenye viti? Kiingilio cha mtoto ni kiasi gani, na hela nitume kwa jina gani? Ahsanteni."

Swali la pili ndilo lenye kazi. "Watoto wanaruhusiwa" maana yake mchezo ni wa wakubwa. Na swali la jina la kutumia hela lina sababu: jina likitokea tofauti kabisa na la kikundi au la kiongozi wake, acha, lipia mlangoni.

Kuhusu muda, hiki ndicho kipimo changu, nimekipata kwa kukaa na watoto na si kwenye kitabu: chini ya miaka 5, dakika 20 hadi 30; miaka 5 hadi 7, dakika 45; miaka 8 na kuendelea, saa moja na nusu kama kuna mapumziko. Mchezo wa saa mbili bila mapumziko simpeleki mtoto yeyote. Mwenye mtoto asiyesikia vizuri, au anayesumbuliwa na kelele, amwambie kiongozi wa kikundi mapema. Vikundi vidogo vina faida hii juu ya majumba makubwa: nimeona mpiga ngoma akisogeza ngoma yake upande wa pili wa uwanja kwa ajili ya mtoto mmoja.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Mlishe mtoto kabla. Beba maji, kanga moja na nguo ya kubadili kwa aliye mdogo. Kanga ni mkeka, ni shuka, ni kitambaa cha kufutia jasho, na ni mahali pa kujificha mnyama mkali akitokea.

Kaeni pembeni mwa safu, mstari wa pili au wa tatu. Mstari wa mbele mtoto mdogo anaogopa, na ukitaka kutoka inabidi upite mbele ya wachezaji.

Akiogopa, usimwambie "si kitu" wala usimcheke. Mpeleke nyuma, mbaki mnaangalia kwa mbali. Mwanangu mkubwa akiwa na miaka 4 alilia alipomwona mchezaji aliyevaa kichwa cha simba. Tulisimama mlangoni mpaka mwisho. Baada ya mchezo nikamwomba yule kijana, akaja, akachuchumaa, akakivua kichwa taratibu, jasho linamtiririka, akasema, "Shika hapa, ni gunia na gundi." Mtoto alishika sikio la simba, kisha akashika sikio la kijana. Njia nzima kwenye daladala aliuliza swali moja tu: gunia la nini, la mchele au la mkaa?

Tukifika nyumbani siwaulizi walijifunza nini. Nawaachia kanga sebuleni.

Hatua ya saba: kama hakuna kitu karibu, kilete

Nje ya miji mikubwa hii ndiyo njia ya uhakika, na hata Dar nimeitumia mara mbili. Kusanya familia 8 au 10 za mtaa mmoja. Mpigie kiongozi wa kikundi ulichokwisha kukiona kwa macho yako, siyo ulichosimuliwa. Mweleze mna watoto wangapi, umri wao, na kwamba mnataka saa moja tu. Atakutajia bei ya sherehe. Mwambie ukweli kwamba hii si harusi: hamhitaji spika wala maleba yote, wasanii 4 wanatosha, na mtawapa chakula na nauli juu ya malipo. Mtaelewana. Lakini msimkamue. Mtu anayeishi kwa sanaa huku anaishi kwa shida, na kikundi kilicholipwa vizuri kitarudi kwenu bila kuitwa.

Mtaarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla, kwa sababu ngoma ikianza watu watakuja na lazima ajue ni nini. Chagueni uwanja wenye kivuli, saa kumi jioni, tandikeni mikeka nusu duara ili jua liwe mgongoni mwa watoto. Wakubwa wakae nyuma kwenye viti. Waombeni wasanii wabaki nusu saa baada ya mchezo wawafundishe watoto wimbo mmoja au hatua tatu za ngoma. Watoto wetu waliuimba wimbo ule mpaka mvua za vuli zikaisha.

Hatua ya nane: usiondoke bila namba

Mchezo ukiisha, watu hukimbilia mlango. Wewe nenda upande wa pili, kwa wachezaji. Wape mkono, waambie ni kipande gani mtoto wako alikipenda, omba namba, nao wahifadhi yako hapo hapo, kwa sababu ili kuona statasi yake lazima naye awe na namba yako. Mimi huanza kila jina na neno Igizo: Igizo Temeke, Igizo Bagamoyo, Igizo Sarakasi Bonge, Igizo Mzee wa Fisi. Sasa ninazo 23.

Ijumaa jioni, baada ya chakula, naandika "Igizo" kwenye simu na kupitia statasi zao moja moja. Haichukui dakika 10. Ijumaa iliyopita Mzee wa Fisi alikuwa ameweka picha ya mikeka imetandikwa chini ya mwembe na maneno mawili, "Kesho, saa tisa." Nikamtumia ujumbe wa kuuliza wapi. Yule mdogo alikuwa ameshakwenda kuchukua kanga.